Bibi Salme na Wanawe Mitaani Unguja

Mwezi wa Agosti mwaka 1885, mjane mmoja wa makamo aliteremka pwani ya Unguja pamoja na watoto wake watatu, akaanza kuwatembeza mjini. Mkubwa wao, Antonie, alikuwa na umri wa miaka 17. Wa kati, Rudolph, alikuwa na miaka 16, na kitinda mimba, Rosalie, miaka 15. Walilelewa Ujerumani, wakasoma Ujerumani, na safari yao ilianzia Berlin, ikapitia Trieste na Misri kabla ya kuingia Bahari ya Shamu. Kwa watoto hao Unguja ilikuwa nchi ya ng'ambo. Kwa mama yao ilikuwa kwao, ijapokuwa alikuwa hajaikanyaga kwa miaka 19.

Mama huyo ndiye Sayyida Salme binti Said bin Sultan, aliyeandikwa katika vitabu vya Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kila mtoto wake alimpa jina la pili la kwao: Antonie alikuwa Thawka, Rosalie alikuwa Ghuza, na kijana alikuwa Said, jina la babu yake. Nimeyasoma maelezo yake ya ziara ile mara nyingi, na kila mara hushangazwa na jinsi yanavyofanana na ya mama yeyote aliyekaa sana ugenini akawarudisha wanawe kuona alikokulia: hapa tulicheza, hapa palikuwa na mti, nyumba ile ilikuwa ya fulani. Tofauti ni kwamba mama huyu alikuwa akitembea huku mizinga ya manowari za Kijerumani imeelekezwa kwenye jumba la kaka yake.

Habari za manowari hizo zinajulikana, nami nitazipita upesi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi alizoziita mikataba. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sayyid Barghash bin Said alipinga, akisema nchi hizo ni zake, na jibu la Bismarck likawa ni kumletea msafara wa manowari. Katika msafara huo palikuwa na meli iliyoitwa Adler, ya kuchukua mahitaji, na ndani ya Adler wamo Bibi Salme na wanawe. Yeye aliamini kwamba amepewa msaada wa kudai mirathi yake kwa kaka yake. Bismarck alikuwa na hesabu nyingine. Binti wa mfalme aliye raia wa Ujerumani, tena mwenye mtoto wa kiume aitwaye Said, alikuwa kisingizio kizuri cha kumtishia Barghash. Dada yake angekataliwa, hiyo ingekuwa hoja, na angeguswa kwa ubaya, hiyo ingekuwa hoja kubwa zaidi.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa sana jinsi binti wa Sayyid Said alivyofika Ujerumani. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika Jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Utotoni alijifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo halikutarajiwa kwa wasichana wa daraja yake, na kalamu hiyo ndiyo iliyomponza kwanza. Mwaka 1859 Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao Majid, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyemwandikia barua zake. Jaribio likashindikana, Barghash akapelekwa Bombay, na baadaye Salme akapatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau. Kisha akapendana na mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya Hansing. Mwezi wa Agosti 1866, akiwa mja mzito, akapanda manowari ya Kiingereza Highflyer usiku, akaenda Aden. Huko alibatizwa akaolewa, siku moja, mwezi wa Mei 1867. Miaka mitatu baadaye, katika mwezi wa Agosti 1870, mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg. Watoto watatu, mdogo wao akiwa na miezi minne tu, wakabaki mikononi mwa mama ambaye Kijerumani chake kilikuwa bado kinajikwaa.

Basi aliondoka kwa manowari ya Kiingereza, akarudi na manowari za Kijerumani. Mara zote hizo mbili alivuka bahari ile chini ya mizinga ya mtu mwingine.

Lakini kabla ya Unguja ya 1885 kulikuwa na London ya 1875, na ziara moja haieleweki vizuri bila nyingine. Mwezi wa Juni mwaka huo Sayyid Barghash, ambaye alikuwa ameshika ufalme tangu kufa kwa Majid mwaka 1870, alikwenda Uingereza kwa mwaliko. Ile ilikuwa ziara ya kutazama mji hasa, ya kutoka asubuhi na kurudi usiku. Alipelekwa Windsor kwa Malkia Victoria, akaonyeshwa majumba, viwanda na bandari. Alifika Brighton, Birmingham, Manchester na Liverpool, kisha akavuka kwenda Ufaransa. Mwanachuoni aliyefuatana naye, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu chake, Tanzih al-absar, kilichapwa London miaka michache baadaye. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza ambamo watu wa pwani yetu wanaitazama Ulaya kwa macho yao wenyewe, wakipima na kulinganisha, na inasikitisha kwamba wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hukitaja mara chache mno.

Wakati Barghash akionyeshwa London, dada yake alikuwa ndani ya London hiyo hiyo. Alikuwa ametoka Ujerumani kwa matumaini ya kumwona kaka yake mbali na Unguja, mbali na macho ya watu wa nyumbani. Aliyemzuia hakuwa Barghash. Alikuwa Sir Bartle Frere, yule aliyekuwa ametumwa Unguja mwaka 1873 kusimamia mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Frere alimweleza kwamba Sultani ni mgeni wa serikali na hapaswi kusumbuliwa. Akamwahidi kuwa akinyamaza, watoto wake wataangaliwa. Salme akanyamaza. Ahadi haikutimizwa. Kwa hiyo kaka alimaliza kutazama mji, akarudi kwake, wala ndugu hawakuonana.

Miaka kumi baadaye mambo yakageuka. Sasa dada ndiye mtembezi, na kaka ndiye aliye ndani ya jumba, nyuma ya dirisha.

Tuitazame siku yao mjini. Wanateremka pwani wakifuatana na maofisa wa meli. Mbele yao wanaona majumba ya mfalme yamejipanga yakielekea bahari: Beit al-Sahil, Beit al-Hukm, na jumba jipya ambalo mama mwenyewe hajapata kuliona, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na varanda ndefu. Kando yake iko Ngome Kongwe, ambayo hiyo anaijua. Kaburi la babu yao, Sayyid Said, limo nyuma ya kuta za majumba hayo, na hawakukaribishwa kuingia. Wanaacha pwani, wanaingia vichochoroni.

Na hapo ndipo mji ulipofanya jambo ambalo si Bismarck wala Barghash aliyelipanga. Watu walijaa njiani. Waarabu, Waswahili, Wahindi, watumwa na waungwana, walitoka milangoni kumwangalia binti wa Sayyid Said, wakamwamkia kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Siku zilizofuata wakawa wengi zaidi. Mama anasema habari zilimfikia kwamba Barghash alikasirika na kwamba waliomwamkia waliadhibiwa. Hayo ni maneno ya upande mmoja, na mwenye kuyasoma ayapime hivyo. Lakini kwamba watu walikuja, hilo halina shaka. Nami hujiuliza walichokiona watoto wale watatu. Walikuwa wamezoea kumwona mama yao katika miji ya Ujerumani akifundisha Kiarabu na kupunguza matumizi ili wapate kusoma, akitazamwa njiani kama kioja. Sasa walimwona akitazamwa njiani tena, umati mkubwa kuliko wa huko, nao hawakuyaelewa maneno aliyokuwa akiambiwa.

Kama mfasiri, sina budi kusimama hapa kwa neno moja. Siku hizi tunasema mtu "anatalii" tukimaanisha anatembea kwa kujifurahisha, na pwani nzima inaishi kwa utalii. Lakini katika matumizi ya zamani kutalii kulikuwa ni kuchunguza jambo kwa makini, kulipeleleza hata kulijua. Ukilitumia neno katika maana hiyo ya kwanza, utaielewa hofu ya Barghash vizuri zaidi kuliko alivyoielewa dada yake. Mwanamke anayejua kila mlango wa majumba yake anazunguka mjini, kushoto na kulia kwake wamo maofisa wa jeshi lililokuja kumnyang'anya bara. Huyo alikuwa akitembea au alikuwa akitalii? Salme alijiona mama anayewaonyesha wanawe mji. Barghash, naye hakuwa mpumbavu, aliona manowari zikishuka nchi kavu zimevaa gauni.

Alikataa kumwona. Alipoombwa na wawakilishi wa Ujerumani, jibu linalosimuliwa ni kwamba hana dada, kwani dada aliyekuwa naye alikwisha kufa miaka mingi. Kuhusu bara, alikubali upesi zaidi: kabla ya Agosti kwisha alikuwa amesalimu amri. Na hapo Bibi Salme akawa hana kazi tena. Ujerumani ilikuwa imepata ilichokitaka, madai ya mirathi yakaachwa yaning'inie, na baada ya wiki chache akaambiwa aondoke na wanawe.

Kabla ya kuondoka aliwapeleka Mtoni. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Berlin mwaka 1886, jumba hilo la kaskazini ya mji ndilo linalochukua kurasa nzuri kabisa: ua mkubwa wenye tausi na swala, mabirika ya kuogea, ngazi zilizojaa watu tangu alfajiri, na lugha zikichanganyika, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiswahili. Anakadiria kwamba watu wapatao elfu moja waliishi humo. Mwaka 1885 alikuta magofu. Ngazi zimeanguka, majani yamemea vyumbani, paa zimeingia ndani. Aliyewahi kumpeleka mtoto wake kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani akakuta msingi tu, huku mtoto akiangalia huku na huko akitafuta kile alichosimuliwa, atayahisi maumivu ya ukurasa ule bila kuelezwa zaidi.

Mjini pia aliona uchakavu kila alipogeuka, na lawama zote akamtwika Barghash: bahili, mkatili, asiyejali mali ya baba yake. Hapo simfuati. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kubomoa majengo mengi; mji aliouona ulikuwa bado una majeraha hayo. Na ni Barghash huyo huyo aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka Chemchem, mpaka mtu wa kawaida akapata maji safi karibu na mlango wake. Hayo hayamo katika kumbukumbu za dada yake. Mwenye uchungu hutembea akihesabu kuta zilizoanguka.

Mimi nayaandika haya Mapera, katika milima ya Mbinga, ambako upande wa magharibi ardhi inateremka hata Ziwa Nyasa. Nakiri kwamba msomaji wa huku hawezi kukisoma kitabu cha Bibi Salme kama anavyokisoma mtu wa Shangani. Tukifika kwenye ua wa Mtoni na wale watu elfu moja, macho yetu hayaendi kwa tausi. Yanaenda kwa walioteka maji ya kujaza mabirika. Kwani ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, tangu miaka ya 1840 ilikuwa ngome ya Jumbe, mfanyabiashara wa pwani ambaye majahazi yake yalivusha watu kuja upande wetu, na kutoka hapo njia ilikwenda Kilwa. Wamatengo walipanda kwenye mapango na miteremko mikali kuwakimbia Wangoni, na watu wa mwambao wa ziwa waliishi baina ya mikuki na minyororo. Hesabu za forodha zilizofikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zinaonyesha kwamba katika miaka mitano, 1862 hadi 1867, zaidi ya watumwa 70,000 walipelekwa Unguja kutoka Kilwa peke yake. Wengi wao walitoka pande za Nyasa. Bibi Salme alipokuwa akipanda dari jioni kuzungumza na kijana wa Hamburg, ilikuwa ni katika miaka hiyo hiyo mitano.

Katika kitabu chake kuna sura nzima juu ya utumwa. Anautetea. Anasema mtumwa wa Mashariki hakuteswa kama Wazungu wanavyodhani, na kwamba waliokomboa watu waliwaacha bila chakula wala kazi. La pili lina ukweli ndani yake, na wenye kujisifu kwa kukomesha biashara hiyo wanastahili kulisikia. La kwanza lilisemwa na mtu aliyehudumiwa. Hata hivyo sipendi kumhukumu kwa wepesi, maana sura hiyo imeandikwa na mwanamke ambaye mama yake mwenyewe alinunuliwa. Jilfidan alitekwa utotoni katika vita, akatenganishwa na ndugu zake, na binti yake anaisimulia habari hiyo kwa huzuni ya kweli. Kisha anageuza ukurasa, na huzuni ile haivuki kumfikia mtoto wa Nyasa. Kwangu mimi hicho ndicho kitendawili kikubwa cha kitabu kizima, kikubwa kuliko ugomvi wake na Barghash.

Katika matembezi yale ya 1885 jengo moja jipya lilionekana juu ya mapaa ya mji: kanisa la Mkunazini, lililojengwa na wamisionari wa UMCA mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Mama wa watoto wale alilijua soko, hakulijua kanisa. Na mwaka uo huo wa 1885 watu wa UMCA waliweka kituo chao kikuu cha Nyasa katika kisiwa cha Likoma. Baadaye vijana wa ziwani walipelekwa Unguja kusoma Kiungani, wakaifuata kwa hiari njia ya bahari ambayo watu wao waliipita wakiwa wamefungwa. Hao nao walitembezwa mjini walipofika. Laiti mmoja wao angeandika siku yake ya kwanza kwa urefu kama Bibi Salme alivyoandika yake.

Manowari za Agosti 1885 nazo hazikuishia Forodhani. Bara aliloliachia Barghash liliendelea kupanuliwa kwenye ramani hata kufika kwetu. Mwaka 1893 Wajerumani waliteremsha meli ziwani, Hermann von Wissmann. Mwaka 1897 wakajenga boma Songea. Liuli wakaiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake. Ilikuwa Liuli, mwezi wa Agosti 1914, ambapo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga Wissmann ikiwa imepandishwa pwani kutengenezwa.

Familia ile haikutembea Unguja pamoja tena. Mama alirudi mara moja zaidi, mwaka 1888, mwaka ambao Barghash alifariki, na safari hiyo nayo ikatoka mikono mitupu. Baada ya hapo aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, katika makaburi ya ukoo wa mumewe. Kwenye vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Antonie aliolewa na afisa wa makoloni, akaishi visiwa vya Marshall, kule Pasifiki. Rosalie aliolewa na mwanajeshi wa Prussia. Rudolph ndiye pekee aliyelifanya jina lake la pili kuwa la kwanza kwa uzito: alijiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu juu ya babu yake aliyelala nyuma ya ukuta ule.

Jumba la Mfalme lilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994, chumba kimoja kiliwekwa kwa ajili ya Bibi Salme. Miaka minne baadaye, uani mwa kanisa la Mkunazini, likawekwa sanamu la watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Kutoka mahali pamoja hadi pengine ni mwendo mfupi kwa miguu, na familia zinazokuja kutembea huona pote pawili katika asubuhi moja, wakiwa na viongozi wanaosimulia habari ya huku, kisha wananyamaza njiani, kisha wanaanza upya habari ya kule. Ningependa siku moja kumsikia kiongozi asiyenyamaza njiani.